Kalamu mpya ya nibu ikirukaruka, ioshe kwanza

Kalamu ya nibu (ile ncha ya metali inayotoa wino), hata ile ya bei mbaya, inaweza kuruka herufi siku ya kwanza kwa sababu ya mabaki ya mafuta ya kiwandani kwenye njia ya wino. Tia tone 1 la sabuni ya vyombo kwenye glasi ya maji ya baridi, chovya nibu, vuta na sukuma maji kwa pampu yake ya kuvutia wino mara 10 hivi, kisha rudia kwa maji matupu mpaka povu liishe. Isimamishe kichwa chini juu ya tishu usiku kucha. Maji ya moto usithubutu, yanapinda plastiki. Bado inaruka? Itazame kwa lenzi: meno mawili ya nibu yakiwa yamepishana, sabuni haifui dafu, hiyo ni kazi ya fundi.