Namna ya Kuomba Nyongeza ya Miezi 24 ya Kibali cha Kazi Marekani kwa Wahitimu wa Sayansi na Teknolojia

Mwanafunzi wa kigeni anayehitimu Marekani akiwa na hadhi ya F-1, yaani ya viza ya mwanafunzi, anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12, kwa utaratibu unaojulikana kama OPT. Aliyesoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa miezi 24 kwa mujibu wa kanuni iliyoanza kutumika Mei 10, 2016. Kabla ya hapo nyongeza ilikuwa miezi 17. Katika kazi yangu ya kuwashauri wanafunzi hawa naona wengi wakihangaikia fomu ya serikali, ilhali sehemu ngumu ni makubaliano kati ya mhitimu na mwajiri, ambayo hayana budi kuandikwa kabla fomu hiyo haijaguswa.

Hatua ya 1: Hakiki shahada yako

Fungua ukurasa wa kwanza wa Fomu I-20, hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni. Karibu na jina la fani yako kuna tarakimu sita, yaani msimbo wa CIP, na msimbo huo ndio unaolinganishwa na orodha ya Idara ya Usalama wa Ndani. Jina la shahada peke yake halitoshi: uchumi wa jumla, wenye msimbo 45.0601, haumo katika orodha, lakini uchumi wa vipimo na takwimu, 45.0603, umo, ingawa wahitimu wa fani hizo mbili huenda walikaa darasa moja. Ikiwa shahada yako ya sasa haimo, unaweza kutumia shahada ya sayansi uliyoipata chuo cha Marekani ndani ya miaka 10 iliyopita, mradi kazi ihusiane nayo. Shahada ya Dar es Salaam au Nairobi haihesabiwi hapa.

Hatua ya 2: Mchunguze mwajiri

Mwajiri lazima awe amejisajili katika E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi, na kazi iwe ya malipo, isiyopungua saa 20 kwa wiki. Ulizia usajili huo mapema katika ofisi inayoshughulikia wafanyakazi, kwa sababu kampuni ndogo nyingi hazimo na baadhi hazijui hata kama zinahitajika kuwamo. Kazi ya kujitolea, ambayo iliweza kukubalika katika ile miezi 12 ya mwanzo, hapa haikubaliki. Aliyeanzisha kampuni yake mwenyewe hawezi kujisimamia na kujitilia saini, na anayeajiriwa kupitia wakala ahakikishe kwamba anayetia saini ndiye anayemfundisha na kumsimamia kwa kweli.

Hatua ya 3: Andikeni mpango wa mafunzo, Fomu I-983

Hapa ndipo ninapowasihi watu watumie muda wao. Fomu inataka mambo manne yaelezwe: utafanya kazi gani na inahusianaje na shahada yako, unalenga kujifunza nini, nani atakusimamia na kwa njia gani, na maendeleo yako yatapimwaje. Mwajiri naye anathibitisha kwamba hutachukua nafasi ya mfanyakazi wa Marekani na kwamba malipo yako yanalingana na ya Wamarekani wanaofanya kazi kama yako.

Kosa la kawaida ni kunakili tangazo la kazi. Sentensi kama “atasaidia timu katika shughuli za programu” haimwambii msomaji lolote. Andika kwamba, kwa mfano, katika miezi sita ya mwanzo utajenga vipimo vya ubora wa hifadhidata ya wateja, ukitumia mbinu za takwimu ulizosoma, na kwamba msimamizi wako atapitia kazi hiyo kila wiki. Andika rasimu wewe mwenyewe, kisha umpelekee msimamizi airekebishe. Ukimwachia fomu tupu, utaisubiri mpaka uchoke. Maofisa wa serikali wana mamlaka ya kutembelea mahali pa kazi, kwa kawaida baada ya kutoa taarifa ya saa 48, na watakachotaka kukiona ni kile kilichoandikwa humo.

Hatua ya 4: Peleka maombi

Mkabidhi ofisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni Fomu I-983 iliyosainiwa. Ataingiza pendekezo lake katika SEVIS, mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi wa kigeni, na kukupa I-20 mpya. Kuanzia siku ya pendekezo hilo una siku 60 za kuwasilisha Fomu I-765, ya kuomba kibali cha kazi, kwa USCIS, idara ya uhamiaji, na maombi yafike kabla kadi yako ya sasa ya kibali cha kazi haijaisha muda. Dirisha hufunguka siku 90 kabla ya tarehe hiyo. Chagua kundi (c)(3)(C), kwa kuwa (c)(3)(B) ni la ile miezi 12 ya mwanzo. Ambatisha I-20 mpya, nakala ya shahada, pasipoti, kadi ya sasa na picha. I-983 hubaki chuoni, isipokuwa uombwe kuipeleka. Ukiwasilisha kwa wakati, unaruhusiwa kuendelea na kazi hadi siku 180 wakati maombi yakishughulikiwa.

Hatua ya 5: Linda kibali

Mabadiliko ya anwani au mwajiri yaripotiwe chuoni ndani ya siku 10, na kila miezi sita uthibitishe taarifa zako hata kama hakuna kilichobadilika. Tathmini mbili zinadaiwa: moja mwaka wa kwanza unapotimia, nyingine mwishoni. Ukibadili mwajiri, I-983 mpya inahitajika. Siku za kukaa bila kazi, zikijumlishwa na zile za miezi 12 ya mwanzo, zisizidi 150, na Jumamosi na Jumapili zimo katika hesabu hiyo.

Ikiwa mwajiri anataka kukuombea viza ya kazi ya H-1B, mkumbushe kwamba usajili wa bahati nasibu ya viza hizo hufanyika mwezi Machi, na miezi 24 huwa na Machi mbili tu.