Harusi Ikikwama Kwenye Kompyuta: Ninavyoitibu Hapa Chikongola, Mtwara

Mama mmoja wa Mikindani alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, anatazama ninavyounga video ya harusi ya binti yake. Bi harusi anaingia ukumbini, anapiga hatua mbili, anaganda, kisha anaibukia meza kuu kama aliyerushwa. "Mwanangu, umeshamharibu," mama akasema. Nikamwambia, "Hajaharibika mama, kompyuta ndiyo imechoka." Hakuamini mpaka nilipoifungua klipu ile ile kwa VLC, programu ya kutazamia video tu, nje ya programu ya kuediti, binti akatembea vizuri hadi mwisho wa zulia.

Hilo ndilo jaribio la kwanza, na silirukii hata nikiwa na haraka. Klipu ikikwama ndani ya programu, ifungue peke yake. Ikienda vizuri huko nje, picha ni nzima, kompyuta ndiyo inaelemewa. Ikikwama hata kwenye VLC, au ikitoa miraba ya kijani, huenda faili lilikatika wakati wa kunakili, au limebanwa kwa namna ambayo kompyuta yako haiimudu. Inakili upya kutoka kwenye kadi ya kamera. Mimi sifuti kadi mpaka mteja amalize kulipa, ingawa hapo nina sababu zaidi ya moja.

Uzito wenyewe unatoka kwenye namna kamera inavyobana picha. Video ni mfululizo wa picha moja moja, yaani fremu, na kamera haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi moja kamili, halafu kwa zile zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Ukiweka mshale katikati, kompyuta inarudi nyuma kutafuta fremu kamili, inajenga upya mpaka hapo uliposimama, na inafanya hivyo kila unapousogeza. H.264, namna mojawapo ya kubana video, iko hivyo. H.265, ambayo simu nyingi za siku hizi hurekodia, inabana zaidi, na kuifungua ni kazi kubwa zaidi. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM GB 8. Ukiipa H.265 yenye picha kubwa ya 4K inasujudu.

Dawa yake ni prokisi, yaani nakala nyepesi za klipu zako, unazofanyia kazi badala ya zile nzito. Kwenye programu ya kuediti ya Kdenlive unaziwasha katika mipangilio ya mradi. Kwenye nyingine, DaVinci Resolve, unachagua klipu, unabofya kitufe cha kulia cha mausi, unaiamuru izitengeneze. Mimi naziacha zijitengeneze usiku. Wakati wa kurenda, yaani kutoa filamu iliyokamilika, programu inarudi kwenye faili asilia, ila angalia: zote mbili zina kisanduku cha kurenda kwa kutumia prokisi zenyewe. Kikiwa na tiki, iondoe. Mimi niliwahi kuisahau, nikamkabidhi mtu send-off yenye ukungu, utadhani wageni walipigwa picha ndani ya moshi wa kuchoma korosho.

Kama huna nafasi ya prokisi, punguza ubora wa kutazamia uwe nusu au robo. Filamu ya mwisho haiguswi. Na usiediti klipu zikiwa bado kwenye flashi. Zihamishie kwanza kwenye diski ya ndani, au kwenye diski ya nje iliyochomekwa tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la buluu.

Ugonjwa uliowahi kunikosesha usingizi kuliko yote ni wa sauti. Kijana mmoja kutoka Newala aliniletea ngoma ya sindimba, amerekodi kwa simu karibu saa nzima bila kukata. Mwanzoni kila kitu sawa. Dakika ya 40, mkono wa mpigaji unashuka, unagusa ngozi, unanyanyuka, ndipo mlio unakuja. Nikaiwahisha sauti kidogo; mwisho ukakaa sawa, mwanzo ukaharibika. Nikakatakata vipande, nikavipanga kimoja kimoja, siku nzima ikaisha.

Kumbe simu hairekodi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza fremu, baadaye inaongeza. Programu nyingi za kuediti zinadhani mwendo ni ule ule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo picha na sauti zinaachana pole pole. Fungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha sifa za faili la video, utazame mstari wa fremu: ikikuambia mwendo wake unabadilika, usiliingize kwenye mradi. Lipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadili mafaili ya video, uchague fremu zisizobadilika, 25 au 30 kwa sekunde kulingana na mradi wako, ndipo uanze kuunga. Ile sindimba niliipitisha hivyo, nikaipanga upya, mkono na mlio vikakutana. Na idadi hiyo ya fremu iamue mapema. DaVinci Resolve ikishapokea klipu kwenye mradi, haikuruhusu tena kubadili fremu za mradi huo.

Sasa kurenda. Ikifeli, usibonyeze tena kwa hasira. Andika ilipoishia, rudia mara moja tu, kisha linganisha.

Ikifia pale pale mara zote mbili, kuna kitu mahali hapo. Filamu ya dakika 50 ikifa kwenye asilimia 62, anza kutafuta karibu na dakika ya 31. Renda kipande hicho peke yake, ondoa efekti moja, jaribu tena, ondoa nyingine. Mara moja mkosaji alikuwa picha ya marehemu babu wa bwana harusi, iliyoskaniwa steshenari kwa upana wa zaidi ya pikseli 10,000. Kadi ya picha ya laptopu yangu ilikuwa inaishiwa kumbukumbu kila ikimfikia mzee. Nikampunguza hadi pikseli 3,840, akapita.

Ikifia mahali tofauti kila mara, acha klipu, chunguza mashine. Angalia kama diski imejaa, maana faili za muda zinakula nafasi kimyakimya. Kisha joto. Mwezi wa 11 hapa Mtwara hata mtu aliyekaa tu anatoka jasho, na mimi nilikuwa naweka laptopu juu ya khanga, kitandani, matundu ya hewa yote yamezibwa. Siku hizi inakaa mezani, imeinuliwa kwa vizibo vinne vya soda, feni inaipuliza ubavuni. Na ichomeke kwenye umeme. Kwa betri peke yake laptopu nyingi hupunguza kasi.

Umeme wenyewe ndio huo. Gesi ya kufulia umeme inatoka Msimbati hapo jirani, lakini taa zinazimika saa mbili usiku, na betri yangu haimalizi hata nusu saa. Kwa hiyo narenda vipande vya dakika 10, kisha naviunga. Ukikatika, napoteza kipande kimoja, sipotezi usiku mzima.

Imebaki flashi. Filamu ya dakika 40 yenye data ya megabiti 16 kwa kila sekunde inafika GB 4.8, na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hata flashi yenyewe ikiwa ya GB 64 na iko tupu. Ukiifomati kwa mfumo wa exFAT inapokea, lakini kuna televisheni zisizoisoma. Mimi napunguza hadi megabiti 8, inakuwa GB 2.4, na kwa HD ya 1080 sebuleni haoni mtu tofauti.

Yule mama wa Mikindani alirudisha flashi yake ya kwanza siku ya pili: "Inasema haijui hii kitu." Nilikuwa nimetoa H.265 ili kubana nafasi, na televisheni yake ni ya zamani. Nikarudia kwa H.264, sauti ya aina ya AAC, faili la MP4. Tangu hapo mteja akija namuuliza televisheni yake ina umri gani, na asipojua, anaondoka na H.264 hiyo hiyo.