Squid ikipandisha CPU ghafla, usikimbilie kuirestati

Wakuu mnaosimamia proksi ya Squid (seva ya kati inayopitisha maombi ya wavuti ya watumiaji), ile CPU inayopanda dakika chache halafu inashuka yenyewe kabla hujaiwahi, msirestati kwanza maana zile hesabu za ndani zote zinaanza sifuri na hapo umepoteza ushahidi. Fungua top (amri ya kuonyesha matumizi ya mashine) ubonyeze 1 uone kila kiini peke yake. Squid yenye woka mmoja (mchakato mmoja unaofanya kazi) inategemea kiini kimoja tu cha prosesa, kwa hiyo kwenye mashine ya viini 4 wastani unasoma kama 25% na wewe unaona shwari kumbe yenyewe imeshakabwa kabisa!

Weka kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ihifadhi ripoti ya mgr:5min (takwimu za ndani za Squid za dakika 5 zilizopita) kila dakika 5, kuna mstari wa cpu_usage humo, ukiona imepanda nenda access.log (faili la kumbukumbu za maombi) ya muda uleule uangalie nani alikuwa anaita nini na mara ngapi.

Nikikuta url_regex (kanuni inayolinganisha anwani nzima kwa ruwaza, yaani regex) yenye maelfu ya mistari naanza na hiyo, kwa kweli inakula sana. Majina ya domeni matupu yahamishie dstdomain (kanuni inayolinganisha jina la domeni tu), yanatafutwa haraka zaidi, regex bakiza chache za lazima. Kisha squid -k parse ikague usanidi, ikipita ndo squid -k reconfigure iusome upya.