Kabla Hujamgongea Bosi Mlango

Kuanzia Aprili hadi Juni Dodoma hubadilika. Bunge la bajeti linaendelea, nyumba za wageni zimejaa, na Mtumba, kwenye mji wa serikali, kuna ofisi ambazo taa zake hazizimwi hadi usiku mnene. Ndiyo miezi ambayo watu waliokuwa wakichangia chai na chapati kila asubuhi huanza kupishana kwenye korido bila salamu. Kama nawe umefika hapo na unajiandaa kwenda kumpa mtu vidonge vyake, tulia kwanza.

Jipime mwenyewe kabla ya kumpima mwenzako. Mwili ukiwa chini ya shinikizo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli: moyo unaenda mbio, shingo inakaza, usingizi unakatika saa tisa usiku. Kwa siku moja si neno. Ikiendelea wiki kwa wiki, hata "naomba hiyo ripoti" unaisikia kama tusi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu wa kazini kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi yenyewe, na ufanisi kushuka. Basi jiulize, ungegombana na mtu huyu hata kama ungekuwa umelala vizuri siku tatu mfululizo? Wengi wetu familia ziko Dar es Salaam. Treni ya SGR imetupunguzia safari tangu 2024, lakini anayeshuka Jumapili usiku na kuingia kikaoni Jumatatu asubuhi si mtu wa kuamua ugomvi siku hiyo.

Hapa kwetu utani wa "utapelekwa Mirembe" umewafunga wengi midomo. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko mjini kwetu, na huhitaji kuwa unaokota makopo ili umwone mtaalamu. Kama usingizi umegoma na hamu ya kula imepotea, daktari atangulie, bosi atafuata.

Pili, fuatilia karatasi kabla ya kumfuatilia mtu. Niliwahi kuwa na dokezo la masurufu, yaani la kuomba fedha za kazi, lililopotea siku tisa. Nikaamini mwenzangu wa meza ya pili kalikalia kwa makusudi, maana tulishakwaruzana kuhusu zamu ya safari. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la idara, kwa herufi kubwa. Kumbe dokezo lilikuwa masjala, limefungwa ndani ya jalada lisilo lake. Ujumbe nikaufuta, ila watu kumi na mmoja walishausoma. Kumwomba radhi pembeni hakukutosha, ilibidi niandike tena mle mle kwenye kundi, safari hii kwa herufi ndogo.

Tangu hapo nina daftari. Siandiki "ananidharau", kwa sababu hilo ni jibu langu, si tukio. Naandika tarehe, saa, maneno yaliyotamkwa na nani alikuwepo. Mara nyingine ukishaandika hivyo unakuta ugomvi wote ni mistari miwili.

Mahali na muda nazo ni kazi. Si kantini, wala si Ijumaa alasiri begi likiwa tayari mlangoni. "Shikamoo mama, naomba dakika kumi zako kesho asubuhi" inafungua mlango kuliko kumvizia kwenye maegesho. Nenda na jambo moja, na useme unachoomba: kugawana kazi upya, kuongezewa muda, au kuelekezwa faraghani badala ya mbele ya watu. Malalamiko ya tangu mwaka juzi yaache nyumbani.

Mwisho, ijue sheria yako kabla hujainuka. Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kama umekuwa ukitoka saa tatu usiku mwezi mzima, hizo ni namba za kubeba, siyo hasira. Watumishi wa umma tuna njia yetu, kupitia mamlaka za ajira na nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda kwingine. Wa sekta binafsi mambo yakishindikana huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na hapo ndipo wengi hukwama: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mingineyo ndani ya siku 60. Ukichelewa utalazimika kwanza kueleza sababu nzito za kuchelewa. Kwa hiyo zungushia tarehe duara kwenye kalenda ya ukutani, kabla hujakubali kwa mara ya tatu kuambiwa "tutalimaliza wiki ijayo".