Umefunga injini nyingine kwenye pikapu ya zamani? Namna ya kubadilisha taarifa za kadi ya gari ukiwa Tanga

Land Cruiser HJ75 ya miaka ya 1980 ilitoka kiwandani na injini ya 2H, cc 3,980. Wanaoifufua leo hupenda kuifunga 1HZ ya cc 4,164, kwa kuwa spea zake zinapatikana na mafundi wanaijua. Ni uamuzi mzuri kwa gari linalopanda Lushoto au kuingia Kilindi wakati wa masika. Ila tangu siku hiyo kadi yako inataja injini ambayo haimo, na trafiki akifungua boneti pale Segera ana haki ya kukuuliza hii umeitoa wapi.

Kadi inabeba namba ya injini, namba ya chasisi, rangi na aina ya bodi. Ukigusa kimojawapo, taarifa zibadilishwe TRA, baada ya gari kukaguliwa na polisi.

Kabla ya spana, soma jina lililo kwenye kadi

Kama bado ni jina la aliyekuuzia, hamisha umiliki kwanza. Utahitaji kadi halisi, mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na wakili, vitambulisho, pamoja na TIN yako na ya muuzaji. Katika gharama za uhamisho kuna ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani ya gari.

Pikapu hizi nyingi zimekaa miaka chini ya mwembe baada ya mwenyewe kufariki. Hapo anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake mkononi. Mtoto mkubwa hatoshi, hata kama ukoo mzima unamuunga mkono. Wasipokuwa na barua, wape muda waende mahakamani, na fedha zako zikae mfukoni mpaka waipate.

Namba ya chasisi ilindwe kuliko kitu chochote

Injini hubadilika, bodi hubadilika. Chasisi ndiyo gari lenyewe mbele ya sheria. Kwenye pikapu hizi za Toyota namba imegongwa kwenye reli ya chasisi upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Hapo hapo ndipo tope hukaa, na kwa gari lililoishi karibu na bahari, Pangani au Mkinga, chumvi hufanya kazi yake kimyakimya.

Loweka kwa mafuta ya taa, sugua kwa brashi, piga picha namba ikisomeka yote. Grenda isikaribie sehemu hiyo. Mwambie fundi wa kuchomelea, na umwambie tena siku ya kazi, asiweke kiraka wala putty juu ya namba. Reli ikiwa imeoza palepale, simamisha kazi umwite mkaguzi aione kabla haijakatwa. Kugonga namba upya mwenyewe ni jinai, hata kama namba ni ileile.

Injini iwe na asili

Iwe umeinunua Gerezani, Dar es Salaam, au kwa mtu wa hapa mjini, dai risiti ya EFD yenye namba ya injini iliyoandikwa wazi. Injini iliyoagizwa nje iwe na nakala ya nyaraka za forodha. Iliyotolewa kwenye gari jingine iwe na maandishi ya mwenye gari hilo pamoja na nakala ya kadi yake. Muuzaji anayekataa kuandika namba, muache na injini yake. Bei nzuri haitakusaidia ikigundulika imetoka kwenye gari la wizi.

Ukaguzi

Gari likishakamilika, lipeleke kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani. Osha injini ili namba ionekane. Atalinganisha namba na kadi na risiti zako, kisha atazame breki, taa, usukani na matairi. Matairi makubwa yanayotokeza nje ya madigadi yatakuletea maneno, na vimulimuli na ving'ora usivifunge kabisa; hivyo ni vya magari ya dharura. Ukipita, chukua ripoti na utoe nakala.

TRA

Andika barua fupi ya maombi ukitaja namba ya usajili, kilichobadilika na sababu. Ambatisha kadi halisi, ripoti ya ukaguzi, nyaraka za injini, TIN na kitambulisho. Peleka ofisi ya TRA Tanga. Watakuelekeza sehemu inayofanyika kwenye mfumo wa mtandaoni. Utapewa kontroli namba, utalipa benki au kwa simu, kisha utasubiri kadi mpya. Ikitoka, isome herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Tarakimu moja ikikosewa, utalazimika kuanza maombi mengine.

Kadi mpya ikiwa mkononi

Mpelekee wakala wako wa bima nakala, hasa ukiwa na bima kubwa. Kampuni ikikuta injini au bodi ambayo haikuambiwa, inaweza kukataa kulipa.

Kama pikapu itabeba mizigo ya watu kwa malipo, inahitaji leseni ya LATRA na kibao cheupe cha biashara badala ya cha njano. Na kama umeweka viti nyuma ili kubeba abiria, sema hivyo tangu kwenye barua ya maombi, maana gari la mizigo na la abiria hayakaguliwi kwa vigezo vilevile.