Goma hadi Bukavu na watoto watatu: jile (koti la kuelea majini) kwanza, kiti baadaye

Kila likizo kubwa ninawapeleka watoto Bukavu kwa koko wao, yaani bibi yao. Mkubwa ana miaka sita, wa katikati minne, na kitinda mimba bado ni wa mgongoni. Barabara ya Minova nilishaiacha kwa ajili ya vumbi na mashimo, kwa hiyo tunapita ziwani, Ziwa Kivu.

Kwanza, nenda bandarini siku moja kabla, uulize kwa mdomo wako kama boti zinaondoka. Hapa kwetu mambo ya jana si ya leo.

Boti ya mbio hufika kwa saa tatu hivi, meli kubwa saa sita au zaidi. Watu watakwambia mwenye watoto apande ya mbio, yaishe haraka. Mimi hapana. Ya mbio inagonga mawimbi na mtoto haruhusiwi kusimama. Jaribu kumweleza hayo mwenye miaka minne anayetaka kukojoa. Meli ina choo, na mtoto anatembea kidogo. Chagua ya asubuhi. Kiangazi upepo unaamka mchana na ziwa linabadilika sura.

Sasa jile. Siku moja mhudumu alimvalisha wangu wa katikati jile ya mtu mzima, akakaza kamba, akasema, “Mama, iko sawa.” Nikamwambia mtoto anyooshe mikono juu, nikaishika mabegani na kuvuta. Ikatoka yote, nikabaki nayo mkononi kama gunia tupu. Mtoto alicheka sana. Tulishuka, tukasafiri kesho yake, na baba yao akaninunia hadi jioni kwa sababu ya pesa za tiketi. Anune tu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na Kituku, bandari ya hapa Goma, watu wa ufukweni wakiiona kwa macho. Tangu siku hiyo nina jile zangu mbili ndogo, zenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Zinavaliwa kabla ya kukanyaga boti. Ndani ya mzigo hazimsaidii mtu.

Mtoto mchanga usimfunge mgongoni kwa kitenge ukiwa juu ya maji. Jile inamlaza mtu chali, na wewe ukielea chali, uso wa aliye mgongoni uko wapi? Mpakate kifuani, bila fundo. Kitenge kitandike akilala.

Kwenye orodha ya abiria hakikisha majina ya watoto wote yameandikwa, hata ya yule asiyelipiwa. Mwandishi atasema “huyo ni mdogo, hahesabiwi.” Simama hapo hapo mpaka kalamu iandike.

Kutapika: kaa chini, katikati ya meli, si mbele. Asubuhi wape mkate mkavu na chai ya tangawizi, maziwa yangoje Bukavu. Mimi nabeba kopo tupu la maziwa ya unga lenye kifuniko chake. Sashe, mfuko wa plastiki, hutoboka, niamini. Akianza kumeza mate ovyo, mwonyeshe vilima vya kisiwa cha Idjwi mbali kule, asiangalie maji ya karibu. Wangu mkubwa aliuliza kama kuna mamba. Nikamjibu Kivu haina mamba wala kiboko, ina sambaza, samaki wadogo, na sambaza tutawala sisi.

Mkifika, kila mtu atasukumana kushuka. Nyinyi kaeni. Meli haiendi popote, na mlango ukipungua watu utawashusha mmoja mmoja ukiwashika mkono. Jile zivuliwe nchi kavu.

Pale nje motari, wale wa pikipiki za abiria, watakuita, “Mama, wote wanne tunaenea!” Pita. Tafuta taksi, mpatane bei kabla ya kupakia mizigo, na uhesabu watoto kabla ya mabegi. Mimi niliwahi kuanza na mabegi, na mkubwa akapatikana kwa muuza ndizi, tayari anamenya ya pili.