Uani kwenye udongo wa msingi wa nyumba: anza na matembele, karoti ije mwisho

Mama mmoja wa Kihesa, Iringa mjini, alinionyesha chainizi zake zilizodumaa, majani yakiwa na ukubwa wa kijiko. Alikuwa akilaumu mbegu. Niling'oa shina moja: mzizi ulishuka vidole vitatu tu, ukakunja kona na kukimbilia pembeni. Palikuwa na udongo wa chini uliochimbwa kwenye msingi na kumwagwa juu ya ule mweusi, kisha ukakanyagwa na mafundi.

Kabla ya kununua mbegu, chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakinywea jaza tena, kisha ukalale. Asubuhi ukiyakuta bado yamesimama, inua tuta. Kwa wenzetu wa Uyole, Mbeya, kwenye udongo mwepesi wa volkano, shida huwa kinyume: maji hupotea upesi. Huko tuta libaki usawa wa ardhi na matandazo yawe mazito.

Tafadhali, usimwage mchanga kwenye udongo wa mfinyanzi ukidhani utalainika. Udongo huo ndio unaofyatuliwa matofali, na ndoo chache za mchanga huufanya ushikamane zaidi. Kinachoulainisha ni samadi iliyooza, isiyo na joto wala harufu kali. Usilime uwanja mzima. Pima tuta moja la mita 1 kwa mita 3, vunja kwa sululu hadi sentimita 30, changanya madebe 6 ya samadi, na usilikanyage tena. Ukishika udongo ukanata mkononi, acha jembe, subiri ukauke kidogo. Mahali palipokorogewa zege, ondoa tabaka lote lenye saruji.

Mpangilio wa mazao ndio unaofanya kazi kubwa. Mvua za Desemba zikianza, panda matembele na maboga kwa ajili ya majani, maharage pembeni. Hayo huvumilia udongo mbaya na kuufunika usipigwe na mvua. Ukivuna maharage, kata shina, mizizi iache ardhini. Msimu unaofuata weka chainizi, figiri na mnafu, sentimita 30 kutoka shina hadi shina, na matandazo yasiguse shina. Wakati wa kipupwe jua hupita upande wa kaskazini, hivyo mimea mirefu ikae kusini mwa tuta isizibe mwanga.

Parachichi sitakushauri kama lile shimo lilibaki na maji. Mizizi yake huoza upesi.

Karoti zipandwe msimu wa tatu, moja kwa moja kwenye tuta, bila kuhamisha miche. Zikikomaa ng'oa moja kila upande. Ikitoka imenyooka, endelea. Ikitoka na miguu miwili, upande huo urudishie maharage na madebe mengine mawili ya samadi.